Uzito wa Nyuma

Waliosema haraka haina baraka hawakumjua Wenceslas, maana wangemtungia methali yake peke yake. Mtu alikula ugali amesimama! Kanisani Nkanka, wenzake wakiwa bado kwenye mkate wa kila siku, yeye alishafika Amina na anatafuta kofia. Mkewe Joselyne alikuwa akimcheka: "Wewe, siku ya kuzikwa, utafika ku kaburi mbele ya sanduku."

Lakini Jumamosi hiyo, tuseme haki, alikuwa na sababu ya kukimbia.

Joselyne alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika njiani, kwenye ile njia ya mawe inayotoka Nkanka kwenda Kamembe. Moja ndani ya gari la sambaza, wale dagaa wa ziwani, nyingine juu ya pikipiki ya Wenceslas mwenyewe. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba mama huyu hapaswi kutikiswa. Wenceslas akaapa mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba wa tatu hatatikiswa. Atamteremsha Joselyne hospitali kesho Jumapili asubuhi, mapema, kabla uchungu haujaanza, na atamteremsha kama anabeba mayai.

Shida ilikuwa pikipiki. Ilikuwa ya mtindo wa kizamani, kama zile za mapadri: taa ya mviringo, tangi lenye tumbo, kiti kirefu cha ngozi. Nyuma, nje kabisa ambapo kila mtu anaziona, amotisere mbili za springi, moja kila upande wa gurudumu. Hizo ndizo zinazolainisha njia. Za Wenceslas zilikuwa zimekufa. Ndoo za sambaza alizobeba kila asubuhi kwenda sokoni zilizimaliza, mafuta yakavuja, springi zikalegea, na kila shimo lilimpanda hadi kwenye meno.

Kwa hiyo jua likielekea kuzama nyuma ya Bukavu, alikuwa ndani ya garaji ya Sibomana, fundi Mwislamu wa Kamembe, anakanyaga chini mguu huu na mguu ule.

Mwaka ule ulikuwa wa vita ya pili ya Congo. Malori ya askari yalivuka daraja mchana na usiku. Giza likiingia, bariyeri ya njia ya Nkanka ilifungwa, na ukichelewa unalala hapo ulipo. Wenceslas aliangalia mbingu. Mawingu meusi yalikuwa yakija kutoka upande wa ziwa.

"Fundi, fanya mbio. Joselyne iko peke yake."

"Mbio, mbio," Sibomana akanung'unika. "Unataka amotisere mpya mwaka huu wa vita? Nitazitoa wapi, mbinguni?"

Akaingia ndani kabisa, nyuma ya matairi, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya gunia. Amotisere mbili, springi zinang'aa, fimbo kavu, hata tone la mafuta halikuvuja.

"Zimetoka Congo," akasema. "Ni nzima. Siziuzi kwa kila muntu. Wewe nakupa juu ya bibi yako, asitikiswe."

Kazi ilikwenda vizuri. Sibomana aliisimamisha pikipiki juu ya stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likaning'inia. Akamwagia mafuta ya mazuti nati zilizoshika kutu, akangoja, akafungua. Alitoa upande mmoja, akavalisha mpya, ndipo akaenda upande wa pili, maana ukitoa zote mbili pamoja gurudumu linakuangukia. Nati zikazungushwa kwa vidole tu, zisikazwe.

Hapo adhana ya magharibi ikalia.

Sibomana akafuta mikono. "Sikiliza. Nati hizi hukazwa kukiwa na uzito juu ya kiti. Ukizikaza kiti kikiwa tupu, mpira wa ndani unajipinda, unapasuka. Uzito huo ni mimi. Nikirudia, nitakaa, wewe utakaza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hapana kukalisha muntu mwingine."

"Juu ya nini?"

"Juu nimesema," fundi akajibu, akatoka na birika lake la kutawadhia.

Wenceslas akangoja. Kungoja kwake mnakujua. Akatoka nje, akaangalia mbingu, akarudi. Akahesabu bariyeri, mvua, tope, mke peke yake ndani ya nyumba na tumbo lile. Mungu wangu, uzito ni uzito tu, akajiambia. Kilo za fundi zina baraka gani?

Ndipo akamwona mwanamke.

Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, nje ya mlango, kama mtu anayejikinga na mvua. Kitenge begani, kitambaa kichwani, uso umeelekea barabarani. Alikuwa na mimba kubwa.

"Maman," Wenceslas akamwita, "nisaidie kidogo. Kaa hapa nyuma, nikaze nati."

Mwanamke akaja. Wenceslas alikuwa ameshaishusha pikipiki isimame kwa magurudumu yake, ameegemeza mguu wa pembeni. Mwanamke akakaa kiti cha nyuma kwa upande, kama wamama wa huku wanavyokaa, na amotisere zikashuka pole pole, laini, bila kelele. Wenceslas alifurahi kama mtoto! Akachuchumaa na ufunguo, akaanza upande wa kushoto.

Miguu ya yule mwanamke ilikuwa mbele ya macho yake. Mitupu. Ina tope hadi magotini, tope jeusi, bichi, limeshika majani.

Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Akaona, lakini hakufikiri. Mikono ilikuwa na haraka kuliko kichwa. Akakaza ya juu, akakaza ya chini.

"Unaenda wapi, Maman?"

"Ku maternite." Sauti ilikuwa ndogo sana, kama ya mtu mwenye homa.

"Ni karibu. Utafika."

"Bwana yangu amesema hivyo. Anasema tunakaribia."

Wenceslas akazunguka upande wa kulia. Akakaza ya juu... akakaza ya chini, kwa nguvu zote, hadi ufunguo ukalia. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Aksanti, Ma..."

Hakukuwa na mtu.

Akaangalia nje. Barabara tupu. Akacheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Kisha akaangalia pikipiki, na kicheko kikaisha.

Nyuma ilikuwa bado imeshuka. Springi zilikuwa zimebanwa vilevile, kama mtu bado amekaa.

Akasukuma kiti juu kwa mikono miwili. Hakikupanda. Ngozi ya kiti ilikuwa baridi, na katikati ilikuwa imebonyea.

Sibomana aliporudi kutoka msikitini alisimama mlangoni. Hakumwangalia Wenceslas. Aliangalia nyuma ya pikipiki, na birika likamtoka mkononi.

"Ulikalisha nani?" akanong'ona.

"Maman mmoja, alikuwa hapo..."

"Mwenye mimba?"

Wenceslas akaitikia kwa kichwa.

"Na ulikaza nati? Yeye akiwa juu?" Fundi akashika kichwa. "Wewe muntu! Umemukaza pamoja na pikipiki!"

Akachukua ufunguo, akajaribu kufungua nati ya kwanza. Haikusogea. Akatia bomba kwenye ufunguo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Ufunguo ukateleza, ukamchana kiganja. Akajaribu nyingine, vilevile. Nati zilizokazwa dakika chache tu, na zimeshika kama zimeungwa kwa moto.

Ndipo, akijifunga kiganja kwa kitambaa, Sibomana akasema. Amotisere hizo zilitoka kwenye pikipiki ya mtu mmoja aliyekimbia vita ya kwanza, kule kwenye msitu wa Walikale. Nyuma alikuwa amembeba mkewe, uchungu umemshika, amejifunga naye kwa kitenge ili asianguke. Risasi zilikuwa nyuma yao. Mwanamke alimwomba asimame. Mwanaume alikuwa akisema tunakaribia, tunakaribia. Hakusimama. Alipofika penye watu, ndipo wakamwambia kwamba anayembeba alishakufa tangu asubuhi.

"Aliuza ile pikipiki vipande vipande," Sibomana akasema. "Taa haina shida. Tangi halina shida. Hizi tu. Ni hizi zilimubeba. Mimi hukaa wa kwanza, nasema bismillahi, mahali panajaa, yeye hapati pa kukaa. Mahali penye mwenyewe hapaombwi. Lakini wewe..."

"Nitaiacha hapa. Nitarudia kwa miguu."

"Nenda."

Wenceslas akageuka aende. Hatua moja, na kitu kikamvuta kiunoni. Akaweka mkono tumboni. Hakuona kitu, lakini vidole vyake vilishika kitambaa, kilicholowa, kimepita mbele ya tumbo lake na kurudi nyuma kuelekea kwenye kiti. Kilikuwa na fundo. Akalivuta fundo kwa kucha. Fundo likakaza.

Alilia. Kwa nini tumfiche? Mwanaume mzima, baba wa watu kesho, alilia katikati ya garaji.

"Fundi, nisaidie. Kesho Joselyne atakaa hapo. Hapo hapo! Nitafanya nini?"

Sibomana alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. "Mupeleke pahali alikuwa anaenda," akasema. "Sasa hivi. Joselyne akikuta mutu pale, mimi sijui nani atashuka na nani atabakia."

Kutoka garaji hadi hospitali ni mteremko tu, mtoto anatembea. Wenceslas akawasha. Mvua ikaanza.

Mwanzoni alisikia baridi tu, mgongoni. Kisha mikono miwili ikapita chini ya makwapa yake, ikamshika kifuani. Harufu ikaja: moshi wa kuni mbichi, majani yaliyooza, na chini yake harufu ya damu. Wenceslas akaanza Salamu Maria, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisali pole pole.

Akapita kituo cha mafuta kilichofungwa. Akapinda kona. Akateremka.

Akapita kituo cha mafuta kilichofungwa.

Akasema moyoni, nimepotea kona, ni mvua. Akapinda tena, akateremka tena, macho wazi. Pembeni nyumba zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na miti. Miti mikubwa, imefungana, yenye mizizi juu ya ardhi, miti ambayo Kamembe hakuna. Tairi zilikuwa zinakata tope jeusi. Mbali nyuma, kitu kilikuwa kinalia... ta... ta-ta... ta.

"Usisimame," sauti ikasema sikioni. "Beko nyuma, banakuja."

Na mara ileile, kwa sauti ileile: "Simama, ninakuomba. Mwana anakuja."

Akatoa mkono kwenye gesi. Kitambaa kikambana tumbo hadi pumzi ikakatika. Akaongeza gesi. Mwanamke akalia kwa uchungu mgongoni mwake. Akipunguza, anabanwa. Akiongeza, analia. Na taa ya mviringo ikaonyesha tena, mbele, kituo cha mafuta kilichofungwa.

Wenceslas akaelewa. Yule mume alikuwa anakimbia tu, hakuwa anakwenda mahali. Na huyu mwanamke alikuwa bado amekaa nyuma ya ule mkimbio.

"Maman," akasema, "mimi si bwana yako. Mimi ni Wenceslas wa Nkanka. Hakuna muntu nyuma yetu. Nakupeleka ku maternite. Nitaenda pole pole, nitasimama ku mulango. Nakuapia."

Akapunguza gesi kidogo kidogo. Kitambaa kikashika... kikashika... lakini hakikubana. Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, mwendo ule aliouapia kwa ajili ya mke wake. Amotisere zilimeza kila shimo. Miti ikapungua, bati la nyumba likaonekana, kisha lango, kisha taa.

Alisimama mbele ya maternite, wodi ya wazazi. "Maman, tumefika."

Hakuna aliyeshuka.

"Tumefika kweli. Angalia."

"Ulisema hivyo," sauti ikanong'ona. "Kila siku unasema hivyo."

Mlango ukafunguka. Akatoka muuguzi mnene mwenye taa mkononi, Maman Laurence, anayejulikana na wamama wote wa kando ya ziwa. Akainua taa, akaangalia nyuma ya Wenceslas, uso wake ukalegea kwa huruma.

"Yezu wangu, njo unamuleta hivi, mu mvua? Kuja, Maman. Shuka pole pole. Nipe mukono."

Nyuma ya pikipiki ikapanda. Yote, kwa mara moja, na tumbo la Wenceslas likapata hewa. Hakugeuka. Alisikia miguu mitupu kwenye saruji, chap, chap, na Maman Laurence akisema pole, pole, tumefika.

"Wewe, bwana!" muuguzi akamwita. "Jina yake ni nani?"

Hapa ndipo ninapomkasirikia Wenceslas hadi leo. Angesema sijui. Angesema nimemwokota njiani. Lakini mtu wa haraka hujibu kabla hajaulizwa vizuri, na kichwani mwake kulikuwa na jina moja tu la mwanamke.

"Joselyne," akasema, akaondoka.

Bariyeri, ajabu, ilikuwa bado haijafungwa. Nyumbani hakusema neno. Nati alizijaribu uani, zikafunguka kwa vidole kama za kawaida, akazikaza upya akiwa amejaza mawe kwenye kiti. Asubuhi alimteremsha mkewe, na Joselyne akacheka njia nzima. "Leo mashimo yameenda wapi?" Mtoto hakutikiswa hata kidogo. Ahadi ilitimia.

Na mtoto alizaliwa saa sita mchana, mzima wa mwili, vidole vyote, nywele nyingi. Kimya. Hakulia, wala hakupumua.

Wenceslas alikuwa amekaa chini, amejifunika uso, Maman Laurence alipomjia. Alikuwa amebeba kitu kwenye shuka.

"Ule maman wa jana," akasema kwa sauti ya chini, "alizaa kabla ya mutu kuvaa gan mikononi. Mutoto wa kike. Nageuka kuchukua maji, nageuka tena, hayuko. Kitanda hata hakikulowa. Ni nani kwako?"

Wenceslas akatikisa kichwa tu.

Mwaka ule watoto wasio na mama walikuwa wengi, na mama wasio na watoto walikuwa wengi, na hakuna aliyeuliza maswali marefu. Wenceslas aliposimama kusema hapana, muuguzi alishaingia. Alipofika kitandani, Joselyne alikuwa amekaa, na mtoto ananyonya.

"Joselyne," akaanza, "huyu mwana..."

"Najua," Joselyne akasema. Hakuinua macho. "Alikuja hapa, mbele mwana wangu azaliwe. Alisimama hapa miguuni. Alisema tuko na jina moja, umemupatia jina yangu. Alisema yeye hana maziwa."

Wenceslas akashika chuma cha kitanda.

"Alisema nimunyonyeshee. Atakuja kumuchukua siku ataacha kunyonya."

Amotisere zile Wenceslas alizirudisha kwa Sibomana, na fundi akazipokea. Sijui zilikwenda wapi.

Mtoto waliyemwita Umwali amekua. Mtoto mzuri, tuseme ukweli, mchangamfu, anachota maji kwa kidumu chake, anaimba kwenye misa kuliko wakubwa. Na ananyonya. Siku hizi Joselyne akikaa kwenye kigoda, Umwali ananyonya amesimama. Watu wa Nkanka wanacheka, wengine wanatema mate. Mama yake Joselyne, mzee Marguerite, alikuja na majani machungu ya umuravumba ampake bintiye matitini akiwa amelala, kama wamama walivyoachisha watoto tangu zamani. Joselyne aliamka, akamfukuza mama yake mzazi kwa mwiko wa ugali.

Wenceslas aliambiwa na mkewe asimguse tena. Akakubali. Lakini nyumba ni moja na kitanda ni kimoja, na binadamu ni binadamu. Sasa Joselyne ana mimba.

Ukimwuliza mzee yeyote atakwambia: mimba na ziwa la kunyonyesha havikai nyumba moja, maziwa hukauka. Joselyne anakunywa uji wa mtama asubuhi na jioni. Anakunywa mchuzi wa sambaza. Usiku anajikanda kwa maji ya moto, na Wenceslas, ambaye hana tena haraka ya kitu chochote duniani, anakaa pembeni kumshikia taa.

Jana jioni Umwali alitoka kucheza, akamwendea mama yake kama kawaida. Akanyonya kidogo. Akaacha, akainua uso.

"Maman," akasema, "hamuna kitu."

Joselyne akampa upande wa pili.